Waziri wa elimu wa serikali ya ndani ya nchi maana yake nini? Tuangalie Ireland ya Kaskazini

Mzanzibari hili halimsumbui, anajua ana waziri wake wa elimu kule Unguja na waziri mwingine yuko bara, alafu mtoto akifika form four mtihani unatoka NECTA ambayo ni ya Muungano. Ila wengine ukiwaambia nchi moja inaweza kuwa na mawaziri wa elimu wawili, watatu, hata wanne, hawaelewi inakuaje. Maana yake ni kwamba nchi imeiachia sehemu yake moja iwe na serikali na baraza lake la kutunga sheria, na elimu ikawekwa kwenye yale mambo wanayojiamulia wenyewe. Sio afisa elimu wa mkoa, yule anapokea maagizo kutoka juu. Huyu ni waziri kamili, ana bajeti, anapeleka muswada, akiboronga anabanwa na wajumbe wa huko huko.

Uingereza (yaani United Kingdom nzima, sio England peke yake) wanao hao. Scotland ina wake, Wales ina wake, Ireland ya Kaskazini ina wake, na yule wa London ukija kwenye mambo ya shule anahusika na England tu. Wa Ireland ya Kaskazini ndo nataka tumuangalie vizuri, manake ukifuata historia ya kile cheo unaona kabisa kiti hiki kinabeba nini.

Kilianza 1921 kisiwa cha Ireland kilipogawanywa na Belfast, mji mkuu wa Ireland ya Kaskazini, ikapata serikali yake. Waziri wa kwanza alikuwa Lord Londonderry, bwana mkubwa mwenye mashamba na migodi, na mimi nasema yule mzee alikuwa na wazo zuri kuliko karibu wote waliomfuata. Alirithi shule za msingi ambazo karibu zote zilikuwa mikononi mwa makanisa, Wakatoliki kwao na Waprotestanti kwao, na mwanzoni hata kuitambua wizara yake ilikuwa shida, mwaka 1922 kuna walimu wa Kikatoliki walikataa mishahara ya Belfast wakawa wanalipwa na Dublin, serikali ya ile Ireland ya kusini, kwa miezi kadhaa. Sheria yake ya 1923 ilitaka shule za serikali zichukue watoto wote pamoja, mafundisho ya dini yasiwe sehemu ya masomo yale ya lazima, na mwalimu asiajiriwe kwa kuangaliwa anasali wapi. Maaskofu wa Kikatoliki wakakataa kukabidhi shule zao, na viongozi wa Kiprotestanti nao wakaja juu wakitaka Biblia darasani na walimu wa Kiprotestanti kwa watoto wa Kiprotestanti. Akabanwa pande zote mbili, 1925 sheria ikalegezwa, Januari 1926 akajiuzulu. Kufika 1930 sheria mpya ikasema wazazi kumi tu wakiomba mafundisho ya Biblia, shule ya serikali inabidi iyatoe. Hapo wazo la shule moja kwa watoto wote likawa limezikwa, na watoto ndo waliolipia, vizazi na vizazi wamekua bila kukaa dawati moja na jirani yao.

Waziri mwingine wa kukumbukwa ni Samuel Hall-Thompson, yeye ndo aliyeleta sheria ya 1947, sekondari bila ada kwa watoto wote, na shule za Kikatoliki zikaongezewa ruzuku ya majengo ikafika asilimia 65. Watoto wa maskini walioingia kwa mlango huo ni wengi, akiwemo John Hume wa Derry ambae baadae alipata Nobel ya amani 1998. Lakini Hall-Thompson mwenyewe chama chake kilimgeuka, wakamuona anawapendelea Wakatoliki, 1949 akaondoka. Na sheria hiyo hiyo ndo iliyoukaza ule mtihani wa Eleven Plus, mtoto wa miaka 10 au 11 anapimwa, akifaulu anaenda grammar, zile sekondari zinazochagua watoto kwa alama, akifeli anaenda shule ya kawaida.

1972 London ikaisimamisha serikali ya Belfast kwa sababu ya machafuko kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. 1974 ikarudi miezi mitano tu, waziri wa elimu Basil McIvor akaleta pendekezo la shule za pamoja, serikali ikaanguka na mgomo wa mwezi Mei. Baada ya hapo mawaziri wakawa wanatumwa kutoka London, na shule ya kwanza ya mchanganyiko, Lagan College, 1981 ilianzishwa na wazazi wenyewe.

Baada ya mkataba wa amani wa 1998 utaratibu ukawa mpya, vyama vinachagua wizara kwa zamu kulingana na viti vyao, kwa hiyo kiongozi wa serikali hamteui waziri wa elimu, chama ndo kinamleta. Mwisho wa 1999 Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland iwe nchi moja, wakaichukua elimu na wakamuweka Martin McGuinness, aliyekuwa kamanda wa IRA, jeshi la siri lililopigana na Uingereza, na mwenyewe aliufeli ule Eleven Plus. Kuna wanafunzi walitoka madarasani kuandamana. Yeye akaendelea, Oktoba 2002 siku chache kabla serikali haijasimamishwa tena akatangaza kwamba mtihani ule ufutwe.

Na hapa ndo unaona mipaka ya cheo chenyewe. Mtihani wa serikali ulifanywa mara ya mwisho 2008, wizara ikiwa kwa Caitríona Ruane wa chama hicho hicho, ila DUP, chama kinachotaka kubaki Uingereza, walishahakikisha kwenye makubaliano ya St Andrews 2006, yale ya kuirudisha serikali ya Belfast, kwamba shule kuchagua watoto kwa alama hakupigwi marufuku. Matokeo yake grammar zikatunga mitihani yao, tena miwili tofauti, kuna watoto walikuwa wanaamka Jumamosi asubuhi za Novemba kwenda kukaa mtihani kwenye shule wasiyoijua, na wengine wanafanya yote miwili. Waziri anaipinga mitihani hiyo hadharani na hana sheria ya kuizuia. 2016 wizara ikaenda DUP, Peter Weir akaruhusu shule za msingi kuwaandaa watoto kwa mitihani ile ile, sera ikageuzwa.

Januari 2017 serikali ikavunjika, miaka mitatu hakuna waziri, wizara inaendeshwa na katibu mkuu ambae hawezi kuanzisha sera kubwa mpya. Ikarudi 2020, ikakwama tena, tangu Oktoba 2022 kiti kitupu mpaka Februari 2024 alipoingia Paul Givan wa DUP. Huku nyuma shule zenyewe zilishakubaliana, kuanzia 2023 mitihani miwili ikawa mmoja, na zile shule za mchanganyiko bado zinasomesha chini ya mtoto 1 kati ya 10.