Vikundi vya kuacha pombe havitozi ada wala havipeleki jina lako kazini
Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya WhatsApp: usiende kwenye vikundi vya wanaoacha pombe, watakutoza laki kadhaa na jina lako litafika kwa mwajiri. Si kweli.

Vikundi vya kusaidiana havina ada. Unaingia, unavuta kiti cha plastiki, unataja jina moja tu. Kinachotakiwa ni nia ya kuacha kunywa. Mwishoni hupitishwa kikapu cha hiari, cha kulipia chumba na chai.

Watu huvichanganya na soba hausi, ambako mtu hulala kwa miezi, husajiliwa na familia hulipia. Hiyo ni huduma nyingine. Tena vikao vingi hufanyika kwenye kumbi za makanisa, ikadhaniwa ni vya dini hiyo, kumbe ukumbi umekodiwa tu.

Ukitaka kuhakikisha, uliza kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya mkoa, kisha kiulize kikundi chenyewe: mnatoza? Mnaandika majina? Anayetetemeka mikono asubuhi asipokunywa aanze kwa daktari, maana kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege.

Tafadhali, ujumbe ule usiusambaze. Huenda anayeusoma alikuwa ameshavaa viatu aende.