Mbiu ni Moja, Masikio Mengi: Yanayodhaniwa Kuhusu Homoni na Jeni za Wadudu

Dhana: Ndani ya bundo kiwavi huyeyuka wote, kisha kipepeo huumbwa upya kutokana na uji huo.

Kuna chembe ya kweli hapa, ndiyo maana dhana hii imedumu. Misuli mingi ya kiwavi na sehemu kubwa ya utumbo wake huvunjwavunjwa ndani ya bundo, au pupa kama wengine wanavyoiita hatua hii ya kati ya kiwavi na kipepeo. Lakini mabawa hayazuki kwenye uji. Kiwavi huwa tayari ana vifuko vidogo vya seli vitakavyokuwa mabawa, na kwa funza wa nzi hata macho na miguu ina vifuko vyake vinavyokua kimyakimya vikingoja zamu yao. Ubongo nao hukarabatiwa, hautupwi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio ambalo bado hunichekesha: viwavi wa nondo walifunzwa kuichukia harufu fulani kwa kupigwa shoti ya umeme, na waliofunzwa katika hatua ya mwisho ya ukiwavi waliendelea kuikwepa hata walipokuwa nondo. Uji haukumbuki kitu.

Dhana: Mdudu hujivua gamba kwa sababu tu limembana.

Gamba halijui kubana wala kulegea. Uamuzi hutoka kwingine. Miaka ya 1930, Mwingereza Vincent Wigglesworth alimchunguza Rhodnius prolixus, mdudu mnyonya damu wa Amerika ya Kati na Kusini, jamaa wa mbali wa kunguni. Mdudu huyu hujivua gamba baada ya kushiba damu. Wigglesworth aliwakata vichwa baadhi yao muda mfupi baada ya mlo: waliishi, tena kwa muda mrefu, lakini hawakujivua kamwe. Waliokatwa siku kadhaa baadaye walijivua bila kichwa. Maana yake, kichwa kilikuwa kimeshatuma ujumbe, na kazi iliyobaki iliendelea bila kichwa hicho.

Leo tunajua njia yenyewe. Tumbo likitanuka, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, ubongo huiamsha tezi iliyo kifuani, na tezi hiyo hutoa homoni, yaani kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini, iitwayo ekidisoni. Mwaka 1954 Wajerumani Adolf Butenandt na Peter Karlson waliipata ikiwa safi: kilo 500 za mabundo ya nondo wa hariri ziliwapa miligramu 25 tu.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ekidisoni ni mbiu ya namna hiyo. Inatangaza kwamba kuna jambo, ila haisemi jambo gani. Hilo huamuliwa na homoni ya pili, homoni ya utoto, inayotoka kwenye jozi ya tezi ndogo nyuma ya ubongo. Ikiwapo, huwasha jeni (agizo la urithi lililo ndani ya seli) inayozifungia jeni za utu uzima, na buu anayejivua hutoka akiwa buu mkubwa zaidi. Ikitoweka, ekidisoni ileile huamsha jeni za bundo, na baadaye za mdudu kamili.

Nguvu ya homoni hii iligunduliwa hata kwa bahati. Miaka ya 1960 mtafiti wa wadudu Karel Sláma alitoka Chekoslovakia na wadudu wake hadi maabara ya mwanabiolojia Carroll Williams, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Kule kwao walikomaa vizuri. Marekani waligoma, wakajivua mara ya ziada wakiwa bado watoto, kisha wakafa bila kukomaa. Mchawi alikuwa karatasi waliyotandikiwa. Ilitengenezwa kwa mti wenye kemikali inayoiga homoni ya utoto. Vipande vya gazeti la New York Times vilileta balaa hilohilo. Vya The Times la London, la. Baadhi ya dawa zinazotiwa majini leo kuzuia mazalia ya mbu hufuata hila hiyo: buu anakula, anakua, ila hageuki kuwa mbu kamili.

Dhana: Homoni ya utoto haina kazi kwa mdudu mzima.

Jina ndilo linalopotosha, na nadhani waliolitoa waliharakisha. Mtazame mbu jike. Siku za mwanzo baada ya kutoka kwenye bundo, homoni ya utoto hupanda tena mwilini mwake, safari hii ikiandaa ovari na tishu ya mafuta (kwa mdudu, tishu hiyo hufanya kazi nyingi za ini). Kisha anauma. Damu si chakula chake cha kila siku, kwani yeye na dume lake huishi kwa maji matamu ya maua; damu ni mtaji wa mayai. Mlo huo huufanya ubongo utume ishara, na ovari hutoa ekidisoni. Ndiyo, ile ile ya kujivua gamba. Lakini mbu mzima hana tena gamba la kuvua, na jeni zilizo tayari kuwashwa ndani ya tishu yake ya mafuta ni nyingine, kwa hiyo mbiu hiyo huitikiwa kwa kumimina protini za kiini cha yai.

Dhana: Malkia wa nyuki huzaliwa na jeni za kimalkia.

Hapana. Yai lililorutubishwa linaweza kutoa malkia au kibarua. Mlo wa buu ndio unaobadilisha viwango vya homoni na jeni zipi ziwashwe, na malkia hukamilika kwa siku 16 tangu yai kutagwa, kibarua kwa 21.

Dhana: Wadudu wana homoni ya kiume na ya kike kama sisi.

Kwetu, homoni za korodani au ovari huzunguka na damu na kuupa mwili mzima sura ya jinsia. Kwa wadudu wengi kila seli husoma jeni zake yenyewe na kujiamulia. Ushahidi hupatikana mara chache porini: kipepeo aliyegawanyika katikati, bawa la kushoto lenye rangi za dume, la kulia lenye rangi za jike, huku majimaji yaleyale ya mwili yakizipitia pande zote mbili.