Farasi wa kazi akizeeka

Mwenye farasi au punda hapa Dar es Salaam akitaka kumstaafisha mnyama wake, ana mengi ya kujifunza kwa Home of Rest for Horses (sasa The Horse Trust), taasisi ya kutunza farasi iliyoanzishwa na Ann Lindo nchini Uingereza mwaka 1886. Enzi hizo teksi na mabasi ya London yalivutwa na farasi, na dereva akimpumzisha wake, siku hiyo watoto hawali. Taasisi ilimwazima farasi mwingine wa kufanyia kazi huku wa kwake akitibiwa. Naamini huo ndio uamuzi bora kuliko yote waliyowahi kufanya.

Baadaye walikuja farasi wastaafu wa jeshi na polisi. Anayejulikana zaidi ni Sefton, aliyejeruhiwa kwa bomu katika bustani ya Hyde Park, London, mwaka 1982. Alistaafia huko mwaka 1984, akaishi hadi 1993.

Kustaafu si kumfungulia tu akale majani. Kwato zilizokuwa zikisagwa na lami sasa hurefuka bila kulika, hivyo zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 8. Masika huleta uozo katikati ya kwato. Utaujua kwa harufu kabla hujauona. Magego nayo huota ncha kali zinazochana mashavu. Ukiokota vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu, tatizo ni meno: aitwe daktari ayasawazishe kwa tupa.

Farasi wa kilo 450 anahitaji kilo 7 hadi 9 za majani makavu kwa siku. Asiyeweza kutafuna alowekewe chakula kiwe uji. Pumba tupu hazifai, maana zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mifupa hudhoofika. Punda mnene usimkatie chakula ghafla: mafuta hufurika kwenye damu, na anaweza kufa.

Linalosumbua zaidi pwani yetu ni mchanga. Mnyama akilishwa chini huumeza kidogo kidogo, nao hutuama tumboni. Mwekee hori, na chini yake tandika mpira au piga sakafu. Kupima ni rahisi: chukua vitonge vichache vya mavi, vya juu visivyogusa ardhi, vivuruge ndani ya chupa angavu yenye maji, uache itulie dakika 15. Mchanga ukijaa kijiko kizima cha chai chini ya chupa, mwite daktari wa mifugo kabla tumbo halijaanza kumsokota.