Pikapu ya zamani isipovuta, si lazima injini iwe imekufa

Wengi huamini kwamba pikapu kuukuu ya dizeli ikianza kugoma mlimani, basi ringi (pete za pistoni zinazozuia hewa na oili kupenya) zimekwisha na kilichobaki ni kufungua injini. Hutokea kweli. Lakini injini iliyochoka hupoteza nguvu taratibu, huku ikila oili, ikitoa moshi wa bluu na kuwa ngumu kuwaka asubuhi.

Tazama moshi kwanza. Mwenzako akufuate kwa pikipiki unapopanda mlima na mzigo. Moshi mweusi mzito mara nyingi ni hewa haitoshi: toa eya klina (chujio la hewa), uielekeze juani, mwanga usipopenya, badilisha. Nguvu ikikatika bila moshi, shuku dizeli haifiki. Hapa ndipo wengi huingia gharama bure, kwa sababu filta ya dizeli iliyoziba kwa uchafu wa tangi bado hupitisha dizeli ya kutosha gari likiwa limesimama linanguruma, nao hudhani tatizo ni injini. Upungufu huonekana ukikanyaga mafuta. Filta mpya ni bei ndogo mno ukilinganisha na kufungua injini.

Kagua pia breki zinazoshika bila kukanyagwa, maana hulizuia gari. Fundi akisisitiza ni ringi, mwombe apime kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) mbele yako kabla hajalegeza bolti hata moja.