Je, wajua? Yangeyange hamfuati ng'ombe kwa ajili ya kupe

Swali lenyewe ni rahisi tu. Yangeyange, yule ndege mweupe mwenye shingo ndefu, ni ndege wa porini, hafugwi na mtu, halishwi na mtu, hana kamba wala banda. Sasa kwa nini anashinda na ng'ombe wa mtu kutwa nzima, ng'ombe akisogea hatua mbili nae anasogea hatua mbili, ng'ombe akihamia upande wa pili wa shamba nae anahamia, utadhani wameahidiana?

Jibu nililokua nalo mimi kwa miaka mingi lilikua moja: kupe. Nilisikia hivyo nikiwa mdogo, nikaamini, na nikawaelezea wengine kwa uhakika kabisa kwamba yule ndege anamsafisha ng'ombe, ng'ombe anapona kupe na ndege anapata mlo, wote wamefaidi. Ni maelezo yanayoingia akilini haraka, ndio maana yameenea hivyo na bado yanasambaa kila siku chini ya picha za ng'ombe na ndege mgongoni. Ila sio sahihi, na kinachouma ni kwamba ningeweza kugundua mwenyewe kwa macho yangu kama ningeangalia vizuri.

Ukipata nafasi mwangalie yangeyange akiwa kazini, ila usimwangalie ng'ombe, angalia macho ya ndege yanaelekea wapi. Hayapo kwenye ngozi. Yapo kwenye majani, karibu na kichwa cha ng'ombe na miguu ya mbele, shingo inayumba taratibu kushoto kulia, alafu ghafla mdomo unachoma chini. Ng'ombe anaweza kua na kupe wamejaa kwenye masikio na chini ya mkia na huyu ndege akapita pembeni yao asubuhi nzima bila kuwagusa. Na waliochunguza matumbo ya yangeyange sehemu mbalimbali duniani wamekua wakikuta zaidi panzi, nyenje, nzi, nondo, buibui, saa nyingine chura. Kupe wanatokea, sikatai, lakini wanatokea kama kitu alichokutana nacho njiani, sio kilichomtoa nyumbani.

Kuna watu waliliweka hili wazo la ndege kumsafisha ng'ombe kwenye vitendo kabisa. Mwaka 1959 walipeleka yangeyange 105 kwenye visiwa vya Hawaii kutoka Florida, Marekani, ili wawapunguzie ng'ombe nzi. Ndege walizaliana vizuri sana, ila wakageuka tatizo lingine kwa sababu yangeyange hachagui, anakula pia mayai na makinda ya ndege wa asili wa visiwa vile, mpaka mwaka 2017 serikali ya Marekani ikatoa idhini maalum ya kuwadhibiti. Ndio matokeo ya kumpa ndege kazi ambayo yeye hajawahi kuiomba.

Nadhani mkanganyiko unatokana na ndege mwingine, yule mdogo wa kahawia mwenye mdomo mwekundu au wa njano, ambaye kwa Kiswahili tunamuita askari wa kifaru. Huyo kweli anaishi juu ya mnyama, anang'ang'ania ngozi kwa kucha, na kweli anakula kupe. Lakini hata yeye stori yake sio nyepesi kama tunavyoisimulia. Zimbabwe kulifanyika jaribio na matokeo yakachapishwa mwaka 2000, maksai wengine walizuiliwa wasifikiwe na hawa ndege na wengine wakaachwa, na waliozuiliwa hawakuonekana kua na kupe wengi zaidi, ila walioachwa ndio walikua na vidonda vingi zaidi, kwa sababu huyu ndege anadonoa vidonda na kunywa damu. Ni jaribio moja la kundi moja la maksai kwahiyo sio la kulichukua kama hukumu ya mwisho, maana upande wa pili kuna utafiti wa mwaka 2020 kutoka Afrika Kusini ambapo vifaru weusi waliokua na hawa ndege walimgundua binadamu anayewanyemelea akiwa mbali kama mita 61, wakati wasiokua nao walimgundua akiwa mita 27. Yaani jina la askari lilikua na maana yake muda wote na sisi tunalitamka tu.

Haya turudi kwa yangeyange. Kama sio kupe, ni nini?

Ni panzi, na hapa ndipo utamu wa jambo lenyewe ulipo. Panzi akitulia kwenye majani haonekani. Rangi yake ni ya majani, umbo lake ni la jani au kijiti, na anajua kutulia kuliko kitu chochote. Ndege akitembea peke yake anatafuta sindano kwenye mkeka, anaweza kuikanyaga na asiione. Sasa fikiria kuna mtu ameushika ule mkeka anaukung'uta, wewe umesimama pembeni unaangalia kinachoruka tu. Huhitaji macho makali tena, unahitaji kusimama sehemu sahihi. Ng'ombe ndio mkung'utaji. Kwato moja ikishuka kwenye majani, na ulimi ukikusanya fungu la nyasi, panzi hana namna: akitulia atakanyagwa au ataliwa pamoja na majani, akiruka ataonekana. Anaruka, na aliyekua anasubiri kuruka kwake yupo hatua moja tu.

Au chukua wavuvi, mmoja anapiga maji upande mmoja ili samaki wakimbilie upande wenye wavu. Ng'ombe ndiye anayepiga maji bila kujua kwamba kuna wavu. Jina la kisayansi alilokua nalo huyu ndege kwa muda mrefu ni Bubulcus, Kilatini cha mchunga ng'ombe, lakini ukitazama nani anamswagia nani utaona ng'ombe ndiye anayewaswaga panzi kwa niaba ya ndege.

Na hii imepimwa. Yangeyange anayekula pembeni ya mnyama mkubwa amepatikana kufanikiwa kukamata mawindo mara 3.6 zaidi ya anayehangaika peke yake. Akifuata trekta inayolima anapata karibu vile vile, tofauti ni kwamba kwenye trekta anatembea zaidi, ni kama maduka mawili yenye mauzo sawa ila moja linakula nauli kila siku. Hesabu ya nauli inaonekana hata kwenye mwendo wa wanyama wanaowachagua, kwa sababu wameonekana kupendelea wanyama wanaotembea hatua kama 5 mpaka 15 kwa dakika. Ng'ombe aliyesimama tu hakung'uti kitu, na anayekwenda haraka anamlazimisha ndege kukimbia mpaka faida inaishia miguuni.

Huu mchezo pia hakuuanzia kwa ng'ombe wa kufugwa. Porini anafuata nyati, pundamilia, kuro na nyumbu, mifugo imekuja baadae ikamkuta na ujuzi wake tayari. Na mifugo ndio iliyomfungulia dunia: mwishoni mwa miaka ya 1800 alishaonekana Amerika ya Kusini baada ya kuvuka Atlantiki mwenyewe, Florida walithibitisha anazaliana mwaka 1953, na Uingereza alitaga kwa mara ya kwanza mwaka 2008. Mlamba, yule ndege mweusi, nae ana tabia inayofanana ya kufuata mifugo, anakaa mgongoni au kwenye tawi karibu na mifugo anasubiri wadudu waruke, ila yeye anawadaka hewani.

Sasa je, ni urafiki? Kwa upande wa ndege ni riziki. Kwa upande wa ng'ombe faida ni ndogo, labda nzi wachache wanaodakwa karibu na uso wake, na kwa kua hapati hasara hana sababu ya kumfukuza, hivyo ndege anaruhusiwa kukaa mpaka mgongoni, ambako nadhani anapata mahali pazuri pa kupumzikia na kuona mbali. Ila upo ukaribu wa kweli ndani yake. Yangeyange mmoja anaweza kumshika ng'ombe mmoja na kuwafukuza yangeyange wengine wanaosogea, sio kwa nguvu sana, na wakizidi kua wengi anachoka anawaacha. Kwahiyo ukiwaona wawili wanatishiana kwa midomo pembeni ya ng'ombe anayekula majani bila habari, wanagombea ile nafasi karibu na mguu wa mbele, pale panzi wanaporukia.