Nywila Moja kwa Ofisi Nzima: Usalama wa Kanzidata ya Pamoja

Ofisi nyingi huhifadhi orodha ya wanachama, mishahara au madeni katika faili moja la Microsoft Access, programu ya kuunda kanzidata (hifadhi ya taarifa zilizopangwa), lililowekwa kwenye folda ya pamoja ya mtandao wa ndani, likafungwa kwa nywila inayojulikana na wafanyakazi wote. Utaratibu huu hurahisisha kazi, lakini ulinzi wake ni mdogo kuliko unavyodhaniwa.

Udhaifu unaanzia kwenye folda. Ili watumiaji kadhaa wafanye kazi kwa wakati mmoja, Access huunda faili dogo la kufuli kando ya kanzidata na kulifuta mtumiaji wa mwisho anapotoka. Kwa sababu hiyo, kila mtumiaji hupewa ruhusa ya kusoma, kuandika na kufuta humo. Mwenye ruhusa hizo anaweza kunakili kanzidata nzima kwenye flashi na kuishughulikia nyumbani kwa muda autakao, pasipo msimamizi wa mfumo kupata habari.

Kama nakala hiyo itafunguka bila nywila hutegemea aina ya faili. Katika mafaili ya zamani ya mdb, nywila huzuia tu programu isifungue faili, wala haisimbi data iliyomo, yaani haiigeuzi isisomeke bila nywila, na zipo programu za kuichomoa kwa muda mfupi. Mafaili ya accdb, yaliyokuja na Access 2007, husimbwa kwa nywila yenyewe, na usimbaji huo uliimarishwa katika toleo la 2010. Anayeendelea na mdb kwa taarifa nyeti hana kinga ya maana.

Hata accdb ina mwanya wake, na mafundi wengi huusahau. Kanzidata ikigawanywa, majedwali yenye data yakabaki kwenye seva (kompyuta ya pamoja) na fomu za kuyatumia zikawekwa kwenye kompyuta za watumiaji, nywila ya faili la seva huhifadhiwa wazi ndani ya faili la fomu, ambamo mwenye ujuzi wa wastani ataisoma.

Kwa hiyo folda ifunguliwe kwa wanaoihitaji pekee, kwa akaunti zao za Windows, na mishahara au taarifa za wagonjwa zihamishiwe kwenye mfumo wa seva kama PostgreSQL au SQL Server, ambako kila mtu huingia kwa jina lake na hagusi faili lenyewe. Mfanyakazi akiacha kazi, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo, ingawa mabadiliko hayo hayataifikia nakala aliyokwisha kuichukua, wala nakala rudufu za zamani, ambazo bado hufunguka kwa nywila ya awali.