Je, wajua Kanisa la Korea lilianza bila mmisionari?

Walioanzisha Kanisa Katoliki nchini Korea ni Wakorea wenyewe, tena kwa kusoma vitabu.

Katika karne ya 18 ufalme wa Joseon, yaani Korea ya wakati huo, uliwafungia wageni mipaka yake. Njia moja ilibaki wazi: kila mwaka ujumbe wa mfalme ulikwenda Beijing kupeleka heshima kwa mtawala wa China. Wajumbe walirudi na vitabu vya hisabati, ramani na elimu ya nyota, na humo humo vya dini, kikiwemo cha Mjesuiti wa Kiitalia, Matteo Ricci, aliyeeleza habari za Mungu kwa Kichina cha kisomi. Wasomi wa Korea walikuwa wamekikariri Kichina hicho tangu utotoni, hivyo hawakuhitaji mkalimani.

Mmoja wao, Yi Byeok, alipovutiwa na mafundisho hayo alimsihi rafiki yake Yi Seung-hun, aliyekuwa akisafiri na ujumbe huo, awatafute mapadri. Yi Seung-hun akabatizwa Beijing mwaka 1784, akarudi nyumbani na kuwabatiza wenzake. Walikutana Seoul nyumbani kwa Kim Beom-u, mkalimani wa serikali. Mwaka 1785 walikamatwa. Waliotoka koo za tabaka la juu waliachiwa, lakini Kim, ambaye hakuwa wa tabaka hilo, aliteswa na kupelekwa uhamishoni. (Dini mpya, matabaka yale yale.)

Kisha wakafanya jambo la ajabu zaidi: walichaguana wao kwa wao kuwa mapadri, wakaungamisha na kuadhimisha misa. Walipoendelea kusoma, wasiwasi ukawaingia, wakamwandikia askofu wa Beijing. Akawajibu kwamba kubatiza ni sawa, mengine waache. Akapiga marufuku pia matambiko ya wahenga.

Katazo hilo liligharimu damu. Kwa Joseon, kumtambikia mzazi aliyefariki kulikuwa nguzo ya familia na ya dola pia. Mwaka 1791 Yun Ji-chung alifiwa na mama yake, akakataa kufanya matambiko, na vibao vya ibada vyenye majina ya wahenga wa ukoo akavichoma. Alikatwa kichwa. Tangu hapo serikali iliwaona Wakatoliki kuwa waasi, na mateso makubwa yakafuata mwaka 1801, 1839 na 1866.

Hata hivyo, padri wa kwanza, Mchina Zhou Wenmo, alipojipenyeza mwishoni mwa 1794 alikuta waumini wapatao 4,000. Kufikia hapo dini ilikwisha kutoka mikononi mwa wasomi. Jeong Yak-jong aliandika katekisimu, yaani kitabu cha mafundisho ya dini, kwa Hangul, maandishi mepesi ya Kikorea ambayo wanawake na watu wa kawaida waliyamudu. Aliuawa 1801, kama Zhou. Mapadri wa Kifaransa walianza kuingia mwaka 1836 tu.

Waprotestanti nao wana kisa kinachofanana. Mmisionari Mskoti John Ross, aliyekaa Manchuria, eneo la China linalopakana na Korea, alitafsiri Agano Jipya kwa msaada wa Wakorea na kulichapisha zima mwaka 1887, kwa Hangul. Sehemu zake zilikuwa zimeanza kuvuka mpaka kwa siri mapema zaidi, kupitia watu kama Seo Sang-ryun, mmoja wa Wakorea hao. Mmisionari Mmarekani Horace Underwood alishuka Korea 1885 akitarajia kuanza na watu wasiojua lolote. Miaka miwili baadaye wanaume wa kijiji cha Sorae, alikohubiri Seo, walimfuata Seoul wakiomba awabatize.